Upinzani Kwenye TBC1: Tathmini ya Mtazamaji wa Newala

Nianze na upatikanaji, maana mdahalo usiokufikia hauna faida hata ukiwa mtamu namna gani. TBC1, televisheni yetu ya taifa, unaipata kwenye king'amuzi cha aina yoyote, cha antena au cha dishi. Agosti 2018, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipovitaka ving'amuzi vya kulipia viondoe ITV, Star TV na chaneli nyingine za bure, TBC1 haikuguswa kwa kuwa ni chaneli ya umma. Asiye na televisheni anayo redio ya TBC Taifa. Mwenye simu na bando anaweza kusubiri vipindi viwekwe YouTube. Kwetu Newala, huku juu Makondeni mkoani Mtwara, picha inakuja safi. Upande huo sina la kulalamika, huduma inafika.

Sasa tuje kwenye ninachokipima, yaani vipindi vya televisheni ya taifa vinavyojadili mambo ya nchi na kuwakaribisha wanasiasa wa upinzani. Kipimo changu nakitaja mapema ili usije ukadhani namfanyia mtu kampeni. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika. Msimu wa korosho ukifunguliwa nakaa ghalani na mizani, daftari na stakabadhi, na mkulima anasimama mbele yangu akiuliza imekuwaje gunia lisome kilo hizi hapa wakati nyumbani lilisoma nyingine. Siwezi kumwambia "suala lako tunalifanyia kazi". Namwita asogee, anasoma namba kwa macho yake, na asiporidhika tunalipandisha gunia tena. Mdahalo nao nautazama vivyo hivyo. Aliyeulizwa amejibu? Na kama amejibu nusu, ameulizwa mara ya pili? Hapo ndipo kipindi kinapopata nyota zangu au kinapozikosa. Sura za wageni, suti zao na mapambo ya studio sivipi alama.

Kuna wanaosema wapinzani wana majukwaa tele, kwa hiyo TBC1 haina haja ya kujisumbua nao. ITV wana Kipima Joto na Dakika 45, Star TV walikuwa na Medani za Siasa, na mitandaoni ndiyo usiseme. Ni kweli, huko wamekaa na kuzungumza miaka mingi. Lakini anayesema hivyo hajakaa kijijini. Televisheni ya taifa ndiyo inayowashwa ofisi ya kata, kwenye benchi la wagonjwa wanaosubiri kuitwa, na kwenye ukumbi wa halmashauri kabla kikao hakijaanza. Ni sauti ambayo mtumishi wa serikali anaihesabu kuwa ya mwajiri wake.

Sasa fikiria mtendaji wa kijiji amwone mpinzani ameketi pale, amewekewa chupa ya maji, anaitwa mheshimiwa, na naibu waziri amemgeukia anamsikiliza hadi mwisho. Mtendaji huyo anapata somo ambalo hakuna waraka uliowahi kumpa. Anajua kwamba kumpinga waziri si kosa la jinai. Kesho yake kijana aliyevaa fulana ya chama kile akija kuomba barua ya utambulisho, barua inaandikwa bila kuzungushwa. Haya nayasema kwa kuwa nimeyaishi. Kuanzia katikati ya 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa nchi nzima, mpaka Rais Samia alipoifungulia Januari 3, 2023. Miaka yote hiyo, huku vijijini, kusema neno "upinzani" mbele ya watu wenye vyeo kulikuwa kama kutamka tusi mbele ya wakwe. Watu walizoea kunyamaza, na mazoea ya kunyamaza hayatoki kwa tangazo la siku moja. Yanatoka pale watu wanapoona, tena kwenye chombo kile kile cha serikali, mtu anapinga kwa hoja na anarudi nyumbani salama.

Kusini tuna sababu ya ziada ya kulidai hili. Uchaguzi wa 2015 tulipeleka bungeni wapinzani ambao mikoa mingine haikutegemea. Tandahimba, jirani zetu, walimpeleka Katani Ahmed Katani wa CUF. Mtwara Mjini ilikuwa Maftaha Nachuma, CUF pia. Ndanda ilikuwa Cecil Mwambe wa Chadema. Ukivuka kwenda Lindi unamkuta Hamidu Bobali wa Mchinga, Vedasto Ngombale wa Kilwa Kaskazini na Selemani Bungara wa Kilwa Kusini, yule Bwege ambaye akisimama bungeni hata anayemchukia anatega sikio. Watu walipiga kura wakitaka kuwasikia wabunge wao wakisema. Mwaka uliofuata, Januari 27, 2016, serikali ikatangaza bungeni kwamba TBC haitarusha tena mikutano yote ya Bunge moja kwa moja. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, na kwamba mchana watu wako kazini. Badala yake kikawekwa kipindi cha usiku, Leo Katika Bunge, kuanzia saa nne hadi saa tano.

Aliyesimama kulitangaza hilo alikuwa Nape Nnauye, waziri wa habari wa wakati huo, mbunge wa Mtama, mkoa wa Lindi. Ni mtu wa kwetu. Naliandika hilo kwa uchungu wa kweli, kwa sababu ilipofika Juni 2018 yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wabunge wa Kusini waliosimama kupinga mabadiliko ya sheria yaliyochukua fedha za ushuru wa korosho ghafi. Awali asilimia 65 ya ushuru ule ilikuwa inarudi kwenye zao, baada ya mabadiliko zote zikaenda Mfuko Mkuu wa serikali. Wabunge wa CCM na wa upinzani kutoka huku walisema lugha moja siku zile, jambo ambalo halitokei kila mwaka. Lakini mkulima wa Newala hakuuona mjadala ule ukitiririka mwanzo mwisho kwenye televisheni yake ya taifa. Aliupata kwa vipande vya WhatsApp, dakika moja ya mbunge huyu, dakika mbili za waziri, kila kipande kimekatwa na mtu mwenye lake. Novemba mwaka ule ule jeshi likaja kuchukua korosho kwenye maghala yetu, bei ikiwa imetangazwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima walinijia ghalani wakiuliza ilikuwaje tukafika hapo. Nilikosa pa kuwaelekeza. Mjadala mzima, swali na jibu, aliyeshika takwimu na aliyezipinga, haukuwepo mahali ambapo mtu wa kawaida angeweza kuutazama akajiamulia.

Ndiyo maana mtu akiniambia "lakini siku hizi wapinzani wanaitwa TBC" namwambia vizuri sana, ila nieleze wameitwa kufanya nini.

Mimi mara nyingi hutazamia kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi. Nyumbani televisheni ninayo, ila mdahalo wa peke yako hauna ladha. Televisheni ya pale imewekwa juu ya friji, na rimoti inakaa kwenye mfuko wa aproni ya mama mwenye mgahawa, haiguswi na mwingine. Chai yake ya tangawizi inakuja ya moto kweli, chapati zinapikwa hapo hapo mbele yako, na kuna supu ya kuku wa kienyeji kwa mwenye nafasi. Ukienda mapema unapata meza ya ukutani, ukichelewa unakaa kwenye benchi la nje na kusikiliza kupitia dirishani. Wateja ni bodaboda, walimu, mafundi, wazee wanaosubiri gari la mwisho la kwenda vijijini, na sisi wa ushirika. Siku ya mpira hapafai kwa mtu wa mdahalo. Lakini nimemsikia mama yule akimjibu kijana aliyetaka abadilishe chaneli.

"Mama, tuwekee mpira basi."

"Mwanangu, mpira kesho upo. Huyu anazungumza habari ya korosho, na wewe chakula chako hapa unalipa kwa korosho ya mjomba wako."

Kijana akakaa, akatazama.

Kipindi kile hakikuwa cha TBC, na kituo chenyewe sitakitaja, maana ninachotaka uone ni namna mdahalo unavyoweza kuharibika ukiwa umeshaiva. Mgeni wa upinzani aliuliza swali la makato. Alitaka kujua kati ya bei ya mnadani na fedha inayoingia kwenye akaunti ya mkulima kuna nini na nini, na nani anayepanga. Mgahawa wote ulinyamaza. Mzee mmoja aliyekuwa karibu yangu alifungua kitambaa akatoa karatasi yake ya malipo, imekunjwa mara nne, akanisogezea. "Karani, hebu nisomee hapa, huyu anasema hii hii?" Nikamsomea kidole kikiwa kwenye mstari: ushuru wa halmashauri, cha chama kikuu, cha chama cha msingi, ghala, usafiri, utafiti. Akawa anatazama karatasi, anatazama televisheni, kama mwanafunzi anayesahihisha mtihani na mwalimu ubaoni. Afisa upande wa pili akajibu kwamba serikali inatambua umuhimu wa zao hilo na inaendelea kuweka mazingira wezeshi. Mwendeshaji akashukuru, akasema muda si rafiki, wakaingia matangazo.

Mzee akaniuliza, "Amejibu?" Nikamwambia hapana, mzee wangu, hajajibu. Akaikunja karatasi yake. Pale palihitajika sentensi moja tu kutoka kwa mwendeshaji: mheshimiwa, umeulizwa makato, yataje. Kwangu sentensi hiyo ndiyo kazi yote ya mwendesha mdahalo, na mwendeshaji asiyeweza kuisema mbele ya mkubwa angefaa zaidi kusoma taarifa ya hali ya hewa.

Hapa ndipo televisheni ya taifa ina nafasi ya kuwapita wote, kwa kuwa yeye ndiye anayeweza kumpata waziri, bodi na mkurugenzi kwa simu moja. Kituo binafsi kinabembeleza wiki nzima na mwisho kinaletewa afisa habari. TBC inaweza kumleta mwenye saini. Ikimleta mwenye saini, ikamkalisha meza moja na mpinzani anayejua jambo lenyewe, na mwendeshaji akauliza mara ya pili, hakuna chaneli nchini itakayoifikia. Ikimleta mpinzani peke yake, akaongea nusu saa na mwendeshaji anayetazama saa, kisha wiki ijayo ikamleta waziri peke yake naye ajibu kwa raha zake, hayo ni mahojiano mawili, si mdahalo. Mtazamaji anaachiwa kazi ya kuwaunganisha kichwani.

Uwezo huo upo, na uliwahi kuonekana. Mwaka 2010, Tido Mhando akiwa mkurugenzi mkuu, TBC ilizunguka na kipindi kilichoitwa Mchakato Majimbo, ikiwakutanisha wagombea ubunge mbele ya wapiga kura wao. Waziri wa habari wa kipindi hicho alikuwa Kapteni George Mkuchika, mbunge wetu wa hapa hapa Newala. Kwa hiyo mtu wa Kusini asiniambie mambo haya ni ya Dar es Salaam. Kilichokwamisha ni kwamba CCM iliwakataza wagombea wake kushiriki midahalo, hivyo kiti cha upande mmoja kikawa kinabaki wazi. Desemba mwaka ule mkataba wa Tido ukaisha na haukuongezwa. Kwenye ngazi ya urais ndiyo kabisa. Mkapa wa CCM alikaa kwenye mdahalo mmoja na wapinzani wake Mrema, Lipumba na Cheyo mwaka 1995, na wale waliomwona bado wanamsimulia jinsi alivyojenga hoja zake. Mwaka 2015 Magufuli na Lowassa wote wawili hawakutokea kwenye mdahalo wa wagombea. Mkapa hakupungukiwa kitu kwa kukaa pale. Alishinda.

Nyota nyingine naiondoa kwenye swali la nani anayekalia kiti cha upinzani. Hili ni jipya na linahitaji kusemwa bila kuzungusha. Vyama vilivyosajiliwa ni vingi, na baadhi yake huku kwetu huvioni popote mpaka mwaka wa uchaguzi. Kipindi kikimchukua kiongozi wa chama kama hicho, akaja akamsifu waziri dakika ishirini kisha akaomba barabara moja, kimetimiza orodha lakini hakijaleta upinzani. Mwaka 2025 suala hili lilizidi kuwa zito. Mwenyekiti wa Chadema, Tundu Lissu, alikamatwa Mbinga Aprili 9, kwa majirani zetu wa Ruvuma, akafunguliwa kesi ya uhaini, na chama chake hakikuwa kwenye karatasi ya kura Oktoba 29. Chama chenye wafuasi wengi kikikosekana kwenye sanduku, mahali pekee ambapo wafuasi wake wanaweza kusikia hoja zao zikipimwa hadharani ni kwenye vyombo vya habari, na cha kwanza kinachopaswa kuwapa nafasi ni kile kinacholipiwa na kodi zao. Wao pia wanakatwa. Mkulima wa Chadema, wa ACT-Wazalendo, wa CUF na wa CCM, wote nawakata ushuru ule ule wa halmashauri, sina daftari la vyama.

Sheria ya uchaguzi inampa mgombea urais haki ya kutumia redio na televisheni ya serikali wakati wa kampeni. Ni haki nzuri, na TBC huitekeleza kwa ratiba. Ila kampeni ni miezi miwili katika miaka mitano. Korosho, maji, gesi na barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia hapa Newala havingoji kampeni.

Nimegusa gesi, na siwezi kuipita haraka. Mwishoni mwa 2012 watu wa Mtwara waliandamana kuuliza bomba la kwenda Dar es Salaam litawaachia nini. Lilikuwa swali halali la wananchi kwa serikali yao. Januari 2013 likageuka vurugu, Mtwara na Masasi, watu wakapoteza maisha. Mei 22, siku ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliyosomwa na Profesa Sospeter Muhongo, vurugu zikarudi. Daraja la Mikindani likabomolewa, majengo yakachomwa, na miongoni mwa nyumba zilizoungua ni ya mwandishi wa TBC. Nafikiria sana kuhusu nyumba ile. Yule alikuwa mtumishi kama mimi, hakuwa amepanga bomba lipite wapi. Waliomfuata walikuwa wamekosea vibaya, na hilo halina mjadala. Lakini jiulize kwa nini hasira ilielekea kwa mtu wa televisheni. Watu walikuwa wanaona chombo kile kinawaambia jambo lililokwisha kuamuliwa, hakiwapi nafasi ya kumuona mtu wa upande wao akimuuliza waziri na waziri akijibu. Bomba la kilometa 542 likajengwa, Kikwete akalizindua Oktoba 2015, na gesi ya Madimba, hapa Mtwara, inaendesha mitambo mpaka leo. Faida zipo na zingeweza kuelezwa. Muhongo ni profesa, anaijua jiolojia yake, na naamini angesimama mbele ya mpinzani yeyote kwa saa mbili kwenye ukumbi wa Mtwara, moja kwa moja, na kuna watu wangeondoka wamemwelewa hata kama hawajampenda. Nafasi hiyo haikutolewa kwa wakati. Kwa mkoa uliopitia yale, mdahalo wa haki kwenye chombo cha umma ni sehemu ya usalama wetu, na nauhesabu pamoja na doria.

Nikigeukia upande wa pili, wapinzani nao nawadai. Wapo wanaokuja studio wamebeba kaulimbiu tu. Ukimsikiliza robo saa unajua chama chake kina hasira, hujui kina mpango gani na mfumo wa stakabadhi ghalani. Anasema "mkulima ananyonywa" bila kujua kwamba siku hizi mnada unaendeshwa kwenye mfumo wa TMX, soko la bidhaa la kidijitali, na kwamba anayepaswa kuulizwa swali lile si yule aliyekaa mbele yake. Mimi mwenye mizani natazama naona aibu kwa niaba yake, kwa sababu nafasi aliyoipata ni adimu na ameimaliza bila kugusa kitu. Waziri naye anashukuru moyoni, maana kujibu kaulimbiu ni rahisi kuliko kujibu karatasi. Mpinzani akija TBC aje na mjengeko wa bei mkononi, ataje mstari, aombe uelezwe. Na wasisuse. Agosti 2020, kwenye uzinduzi wa kampeni za Chadema pale Mbagala, Freeman Mbowe, mwenyekiti wake wa wakati huo, aliwaondoa wanahabari wa TBC uwanjani. Malalamiko ya chama chake dhidi ya shirika yalikuwa ya muda mrefu, tangu matangazo ya uzinduzi wao wa 2010 yalipokatizwa, na nayaelewa. Ila siku ile bibi yangu kijijini, ambaye hana simu ya kupangusa, ndiye aliyekosa kusikia. Chombo ni cha umma hata kama waliokishika wamekosea, na anayekisusia anamuachia mwingine kiti chake.

Saa za kurushwa nazo zitazamwe. Saa nne usiku, wakati wa msimu, mkulima amelala, kwa sababu alfajiri anaokota korosho kabla jua halijawa kali. Mwenye umeme wa jua wa taa mbili na televisheni ndogo, betri yake saa hizo imekwisha. Kipindi cha korosho kikiwekwa saa moja na nusu jioni, kikarudiwa redioni asubuhi, kitasikilizwa hadi shambani. Kampuni yangu ya king'amuzi nayo, ambayo haina haja ya kutajwa, iliwahi kunikatia matangazo katikati ya mjadala hali nimelipia, na simu ya huduma kwa wateja ikalia hadi kipindi kikaisha. Hilo si kosa la televisheni ya taifa, ila mtazamaji hajui kutenganisha. Anachojua ni kwamba jibu limempita.

Nikijumlisha yote natoa nyota tatu kati ya tano. Mbili ni za kufika kila mahali na kuwa na uwezo wa kuwaita wenye saini. Ya tatu ni ya kufungua mlango, kwa sababu naona tofauti kati ya miaka ile ya kunyamaza na sasa, na anayefungua mlango nusu ni wa kuhimizwa aumalizie. Ya nne itapatikana siku mwendeshaji atakapouliza mara ya pili bila kuomba radhi. Ya tano, kiti cha upinzani kikikaliwa na mtu ambaye waziri angependa asije.

Kwa watayarishaji wa vipindi wa TBC, nina ombi moja mahususi. Msimu wetu unafunguliwa Oktoba. Wiki moja kabla ya mnada wa kwanza, leteni kamera Newala, au Tandahimba kama kule kuna nafasi kubwa zaidi. Aje mtu wa Bodi ya Korosho, makao yao makuu yako hapo Mtwara mjini, si mbali. Aje mwenyekiti wa TANECU, chama kikuu chetu cha ushirika. Aje mpinzani anayelijua zao hili, wa chama chochote, na wakulima wakae mbele, sisi makarani nyuma. Mezani iwekwe karatasi ya malipo ya mkulima mmoja, jina limefichwa, isomwe mstari kwa mstari, na kila mstari uwe na mtu wa kuuelezea, moja kwa moja, bila kuhaririwa. Ukumbi na viti tutatafuta sisi wa ushirika, na mama wa mgahawa ameshasema chai ya wageni ni juu yake.